Dakika Arobaini

Fundi bomba wetu tulimwita Sikio, na jina hilo hakulipata kwa bahati. Mafundi wengine wakiitwa kwenye uvujaji hubomoa ukuta kwanza, maswali baadaye. Yeye alikuwa akichukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha bombani, mpini anaubana nyuma ya sikio, anafumba macho. Akimaliza atakwambia, "Mita mbili kutoka hapa, chini ya dirisha," na mkibomoa mita mbili chini ya dirisha mnayakuta maji. Miaka kumi na tisa niliyofanya naye kazi sikumwona akikosea ila mara moja, na hiyo mara moja ndiyo iliyonikalisha hapa niandike.

Mimi nilikuwa karani wa maombi ya matengenezo katika chuo kikuu. Mafundi waliniita Mama Fomu. Bomba likivuja, taa ikiungua, kiti kikivunjika mguu profesa akiwa juu yake, simu ilikuja kwangu. Nilijaza fomu, nikaandika saa, nikamkabidhi fundi. Akimaliza kazi ananirudishia fomu, naigonga muhuri wa IMEKAMILIKA, naiingiza kwenye daftari kubwa. Nina ulimi mkali, sikatai. Ukiwa na mafundi themanini wa kuwafuatilia, nusu yao wakijidai wako darini na kumbe wako kantini, ulimi laini hautakufikisha mbali.

Daftari hilo kubwa lilijalidiwa na Gundi. Huyu alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, na chumba chake kilikuwa chini kabisa ya jengo la maktaba ya zamani, peke yake huko, ngazi kumi na nne kutoka korido ya juu. Alikuwa na mashine ya kubana vitabu, meza, nyundo ndogo ya kuponda migongo ya vitabu, na vidole vilivyokauka gundi tangu enzi za ujana wake. Kila siku saa nne asubuhi Sikio alishuka kunywa naye chai, kwa sababu kule chini palikuwa na ubaridi mzuri. Niliwahi kuwakuta wamekaa nusu saa nzima hawajasemezana. Nilipowauliza kulikoni, Gundi akaniambia, "Tuache kwanza Mama Fomu, tuna mazungumzo."

Gundi alikufa Ijumaa moja, mwaka wa kazi ukiwa bado mchanga. Kiharusi kilimwangusha chumbani kwake. Mkewe hakushtuka alipokosa kurudi, kwa kuwa jioni ile ilikuwa aende moja kwa moja kwa dada yake kukaa siku mbili. Mkoba wake ulikuwa umeshafungwa, uko pembeni ya mlango wa chumba hicho. Dada mtu naye akadhani kaka ameahirisha. Simu yake ilikuwa mezani, yeye yuko sakafuni upande wa pili. Jumatatu asubuhi mama wa usafi ndiye aliyemkuta. Daktari alisema alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani alikaa pale saa nyingi akiwa hai. Tulimzika, tukachanga, tukalia. Mimi nililia sana, kwa maana kila nilipofungua daftari nilikuwa nimeshika kazi ya mikono yake.

Sikio hakulia. Baada ya mazishi alianza kuwa na mambo. Bisibisi ile ndefu aliitia kabatini, akawa anabomoa kuta kama wenzake. Kisha mkewe akaja ofisini kwangu kulalamika kwamba mumewe amefunga koki kuu ya nyumbani, na sasa wanachota maji kwa ndoo kwa jirani, nyumba ya fundi bomba. Anadai mabomba yanampigia kelele. Tulicheka, Mungu atusamehe. Mafundi wakamtania miezi mingi kwamba mganga hajigangi. Yeye alitikisa kichwa tu, akachukua fomu zake, akaondoka.

Hali ikawa hiyo mpaka msimu wa taarifa ulipofika.

Kila mwaka idara yetu ya utawala na matengenezo ilitoa Taarifa ya Mafanikio. Kitabu chenyewe kina picha ya mkurugenzi mbele, picha ya bustani nyuma, na katikati takwimu zangu. Taa ngapi zimebadilishwa, vitasa vingapi, viti vingapi, barua ngapi zimesambazwa, tasnifu ngapi zimejalidiwa. Watu husema taarifa hizi hazisomwi na mtu. Si kweli, mimi nilizisoma. Nilizipenda. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza tangu chuo kijengwe, hakukuwa na ombi hata moja lililobaki kiporo. Maombi elfu tatu mia moja na kumi na tano yalipokelewa, na yote, mpaka la mwisho, yalikuwa na muhuri wangu. Niliyahesabu mara tatu kwa raha yangu mwenyewe.

Mkurugenzi alifurahi kuliko mimi. Akaniambia, "Mama Fomu, nitafutie na ombi lililoshughulikiwa haraka kupita yote upande wa maji. Tuliweke peke yake kwenye ukurasa, na fundi wake tumpe cheti cha mfanyakazi bora."

Nikapekua. Kwetu ombi la maji likishughulikiwa siku hiyohiyo ni la kushukuru Mungu. Nikalipata moja la dakika arobaini. Sekretari wa ghorofa ya tatu, jengo la maktaba ya zamani, alikuwa amepiga simu saa tisa na dakika ishirini alasiri: bomba linagonga tangu mchana, anashindwa kufanya kazi. Fundi, Sikio. Saa kumi kamili fomu ilikuwa imerudi mezani kwangu na maneno yake: "Hewa imetolewa. Kelele zimekoma." Ilikuwa Ijumaa. Tarehe niliiona kwa macho haya, nikainakili vizuri kabisa, na sikuifikiria hata kidogo.

Nilichokifikiria ni fomu nyingine, iliyokuwa karibu nayo. Hii ilikuwa ya Jumanne iliyofuata. Mwombaji, Sikio. Fundi, Sikio. Kazi: kupaka rangi bomba, chumba cha kujalidi vitabu. Wakati ule niliigonga muhuri bila kuisoma, kwa kuwa ilikuwa siku tuliyotoka mazikoni. Sasa nikaisoma na damu ikanichemka. Rangi ni kazi ya wapaka rangi. Fundi bomba akishika brashi leo, kesho mpaka rangi atashika spana, na mimi takwimu zangu nitazipeleka wapi?

Nikamwita. Alikuja, akasimama mlangoni.

"Tangu lini wewe unapaka rangi?" nikamuuliza. "Au siku hizi umehamia idara nyingine hatuna habari?"

Akaitazama fomu niliyoishika. Akaingia, akafunga mlango, akakaa bila kukaribishwa.

"Bomba lilikuwa limebanduka rangi," akasema.

"Mabomba mangapi humu chuoni yamebanduka rangi? Yote umeyapaka?"

"Lilibandukia chini, dada. Karibu na sakafu. Pale nyundo yake ilipokuwa."

Mwanzoni sikumwelewa. Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo kumjibu. Kisha macho yangu yakashuka kwenye ile fomu ya dakika arobaini, iliyokuwa palepale mezani, ya jengo lilelile, na mdomo ukabaki wazi.

Akanieleza polepole, macho yake yakiwa kwenye viatu vyake. Ijumaa ile aliingia maktaba ya zamani akiwa na haraka. Bomba kuu la jengo lile hupanda kutoka chumba cha chini kabisa, linapita korido, linakwenda mpaka ghorofa ya tatu, kwa hiyo likigongwa chini linasikika juu. Alisimama kwenye korido, akaweka bisibisi. Akasikia mara tatu. Kimya. Tena mara tatu. Kimya.

"Na hewa kwenye bomba haigongi hivyo?" nikauliza, nikitaka sana aseme kwamba hugonga hivyo.

"Hewa haihesabu, Mama Fomu."

"Sasa siku ile hukulijua hilo?"

"Nililijua. Nikajiambia labda ni koki ya juu, kuna mtu anafungua anafunga. Ilikuwa Ijumaa. Nikafunga maji, nikafungua bomba la juu hewa itoke, kelele zikaisha. Nikaandika."

Ngazi kumi na nne. Alikuwa amesimama juu ya ngazi kumi na nne kutoka kwa rafiki yake. Jumatatu, Gundi alipokwisha kutolewa, alishuka akaiona ile nyundo sakafuni na bomba likiwa limechunika pale chini. Jumanne, tulipotoka mazikoni, akaenda na kopo la rangi.

"Lifungue," akaniambia.

"Lipi?"

"Hilo ombi. Limeandikwa limekamilika. Lifungue, liandike halikutimizwa."

"Sekretari alilalamika kelele. Kelele zilikwisha."

"Aliyeomba si sekretari," alisema. "Aliyeomba ni Gundi."

Hapa lazima niseme ukweli wangu, maana itakuwa dhambi kumwanika mwenzangu na kujisitiri mwenyewe. Nilikataa. Nilimwambia ombi hilo ndilo lililompatia cheti cha mfanyakazi bora, kwamba yaliyopita si ndwele, kwamba kiharusi hakimwachi mtu, kwamba mtu mwenye kazi nyingi atasikia hiki na kuacha kile. Yote hayo niliyasema, na nyuma yake nilikuwa nikifikiria ile hesabu yangu isiyo na kiporo. Najionea aibu mpaka leo. Akasikiliza, akainuka, akafika mlangoni, akageuka.

"Mkiniita mbele kunipa hicho cheti," alisema, "mimi nitasikia anagonga."

Kuanzia siku hiyo mimi pia nikaanza kuyasikia mabomba. Ofisini kwangu kulikuwa na bomba lililopita nyuma ya kabati, na miaka yote halikunishughulisha. Sasa mtu akifungua maji chooni, kalamu ilisimama. Nilijikuta nahesabu. Likigonga mara moja nilishukuru, likigonga mara mbili nilingoja ya tatu, na nilipongoja, mgongo wangu wote ulikuwa unangoja. Niliacha kuegemea ukuta ule. Daftari nililifunika gazeti nisione jalada lake.

Siku ya tatu nikaenda kwa mkurugenzi. Hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akajipangusa uso.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Mama Fomu, mtu kafa kwa maradhi. Tukifungua hili moja, watataka tufungue yote. Unaweza kuniapia kwamba hayo mengine yote elfu tatu yalikamilika kweli?"

Sikuweza kumwapia. Hilo ndilo lililonitoa jasho. Mimi niligonga muhuri juu ya maneno ya fundi, na fundi aliandika alichotaka.

"Basi liache," akasema. "Ukurasa ule tutaweka kitu kingine, tutaweka bustani. Lakini hesabu iache kama ilivyo."

Nilimpelekea Sikio habari hiyo nikidhani imemfaa. Cheti hakuna, ukurasa hakuna, nini tena? Akasema bado muhuri uko pale. Akasema anataka kwenda kwa mke wa Gundi, akamwambie, kisha mama yule ndiye atakayesema. Akaniomba twende pamoja, na fomu niichukue.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Mke wa Gundi ni mshonaji; anashonea sebuleni kwake, cherehani iko dirishani. Alitukaribisha vizuri, akasukuma vitambaa tupate pa kukaa. Alimwita Sikio shemeji, akamlaumu kwa kupotea.

"Toka mazishi hujanikanyagia hapa. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, shemeji. Mimi ndiye niliyekukosea."

Akamweleza. Nilitazama sakafu muda wote. Alipofika kwenye mara tatu na kimya, mama yule aliacha kukunja kitambaa alichoshika.

"Mara tatu," alisema. "Hata mlango wa kwake mwenyewe alikuwa anaubisha mara tatu, na funguo anazo mfukoni."

Nilidhani Sikio amemaliza. Nilikuwa nimeshajiandaa kusema maneno ya pole. Lakini akaendelea, na hili hata mimi hakuwa amenieleza.

"Kuna jingine. Kabla sijafunga maji niliuchukua mpini wa spana nikaligonga bomba. Ndivyo tunavyofanya, hewa iliyokwama ikitikiswa inatoka. Niligonga mara mbili. Kule chini naye akagonga mbili. Nikasema ni mwangwi. Halafu ndiyo kelele zikaisha."

Mama akakiweka kitambaa mapajani. Nje mtu alikuwa anafagia. Aliposema, hakupandisha sauti hata kidogo.

"Shemeji, mtu akipiga hodi akaitikiwa, huwa anapiga tena?"

"Hapigi," mama akajijibu mwenyewe. "Anangoja afunguliwe."

Miezi minane nilikuwa nimeiona karatasi ile inasema kelele zimekoma, na nikaamini zimekoma kwa sababu ya kazi yetu. Zilikoma kwa sababu aliamini tumemsikia. Alikuwa mtu mstaarabu, Gundi, hakuwa mtu wa kumharakisha mwenzake. Aliitikiwa, akaiweka nyundo chini, akangoja. Alingoja jioni ile yote na usiku ule.

"Na wewe ukaenda wapi?" mama akamuuliza.

"Nyumbani."

"Ukala?"

"Nilikula, shemeji."

Akatikisa kichwa kana kwamba jibu hilo lilikuwa na mahali pake pa kuwekwa. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. "Miezi yote hii nilikuwa nalia kwamba amekufa hakuna aliyemsikia," alisema. "Kumbe alisikiwa. Sasa sijui nilie kwa lipi." Kisha akanigeukia mimi. "Hiyo karatasi inasemaje?"

Nikaisoma. Akataka nirudie mstari wa mwisho, nikaurudia. Hewa imetolewa. Kelele zimekoma. Imekamilika.

"Hiyo mnaihesabu kuwa mmefanya kazi?"

"Ndiyo," nikasema.

"Msiihesabu."

Hakusema zaidi ya hapo, wala hakutufukuza. Alitupa maji ya kunywa tukanywa, na Sikio alilia pale kwa sauti, mikono yake mikubwa usoni, mama akimtazama na kitambaa chake mapajani. Sijui kama alimsamehe. Hakuwahi kusema kwamba amemsamehe, nami siwezi kumsemea.

Jumatatu nililifungua daftari. Kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kufuta kitu ndani yake. Nilijisifu kwa hilo mbele ya wageni. Nikachukua rula, nikapiga mstari mwekundu juu ya neno IMEKAMILIKA, pembeni nikaandika: Halikutimizwa. Mwombaji hakufunguliwa. Kisha nikaandika upya ukurasa wa takwimu, maombi elfu tatu mia moja na kumi na nne yamekamilika, moja bado, nikaupeleka mwenyewe kwa mchapaji ili usipitie kwa mtu. Mkurugenzi aliuona siku ya mkutano, kitabu kikiwa mikononi mwa wakubwa wote. Aliniangalia kutoka meza kuu mpaka mwisho wa hotuba. Makamu mkuu akauliza hilo moja ni lipi, na kabla mkurugenzi hajapata la kusema Sikio alisimama katikati ya mafundi, akaeleza yote kama alivyomweleza mama yule. Cheti walipewa watu wa bustani. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikaifungulia faili.

Baada ya hapo wakubwa waliamua kila chumba cha chini kipitiwe kabla jengo halijafungwa, mtu ashuke kwa miguu yake. Ni jambo zuri, na mwaka uliofuata liliwekwa kwenye mafanikio. Sikio alifungua koki ya nyumbani kwake, lakini bisibisi hakuirudia tena.

Wiki chache baada ya mkutano tulikuwa ofisini kwangu asubuhi, mafundi watano sita wanangoja fomu, wanabishana mpira. Mlango ukabishwa mara tatu. Kimya. Kila mtu akanyamaza na hakuna aliyetazamana na mwenzake. Nilijua ni nani. Nilikuwa nimempigia simu mwenyewe aje kuchukua vitu vya marehemu, mkoba na ile nyundo. Nilivuta pumzi niitike "karibu," na Sikio akaninyooshea mkono ninyamaze.

Akainuka, akaenda mlangoni bila kusema neno, akafungua. Mke wa Gundi alikuwa amesimama pale na mfuko wake. Alipomwona ndipo Sikio akasema, "Karibu, shemeji."

Tangu siku ile ndivyo afanyavyo kila mahali. Nyumbani kwake utapiga hodi usiitikiwe, mpaka mlango ufunguke mbele yako. Wageni humwona hana adabu, na jirani zake wamemsema sana. Mimi niko nyumbani siku hizi, nimestaafu, na mtu akinibishia mlango nafanya hivyohivyo, magoti haya yakiniuma. Naitika nikishamwona uso.